Kwa Nini Madd Dogg Aliruka

Kila mwaka kurasa hizi hujaa makala kuhusu ngeli, methali na madhara ya kuchelewa shuleni, nami sina ugomvi nazo. Lakini mwaka huu nimemwomba mhariri anipe nafasi nieleze jambo ambalo nusu ya darasa letu hulijua kwa vidole, ilhali sijasikia mtu akilieleza kwa Kiswahili. Nataka kufafanua jinsi mchezo wa video uitwao Grand Theft Auto: San Andreas unavyofanya kazi kwa ndani, na kwa nini una kasoro zinazoweza kumliza mtu. Mimi nililia, tena si kidogo.

Kwa wale wasioujua, na mwalimu mlezi wa chama chetu ni mmoja wao, mchezo huu ulitolewa Oktoba 2004 kwa mashine ya PlayStation 2. Waliouunda ni kampuni ya Rockstar North ya mji wa Edinburgh, Scotland. Kwa mashine hiyo peke yake ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 17, na hakuna mchezo mwingine wa PlayStation 2 uliofikia hapo. Wengi wetu wa Githurai na Kiuu tulizaliwa baadaye, tukaukuta ukitungoja katika vibanda vya michezo, padi zikiwa zimelika vidole na diski ina mikwaruzo kama sahani ya mkahawa. (Ndiyo, najua kwamba Uingereza uliwekewa umri wa miaka 18. Mwalimu mlezi amenikumbusha mara mbili.)

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwaka ni 1992. Kijana Carl Johnson, yaani CJ, anarudi nyumbani Los Santos kumzika mama yake baada ya kukaa miaka mitano katika mji wa Liberty City. Polisi waovu wanamhangaisha, anafukuzwa mtaani kwao, anatangatanga mashambani, anafika San Fierro, anapita jangwani, anafika mji wa kamari wa Las Venturas, na hatimaye anarudi kwao. Naomba ulishike hilo la kurudi kwao, maana ndiko shida yangu iliko.

Huku Las Venturas kuna kazi moja inayoitwa kwa jina la mwimbaji, Madd Dogg. Bwana huyu amefilisika, amelewa, na amesimama juu ya paa la jengo akitaka kujirusha huku umati ukimshangilia aruke. Sehemu ya lawama ni ya CJ mwenyewe, kwani hapo awali alimwibia daftari lake la mashairi na kumwangamiza meneja wake. Sasa CJ anatakiwa achukue gari lililojaa maboksi, aliegeshe chini ya paa, Madd Dogg aangukie maboksi, kisha ampeleke hospitali. Kazi rahisi. Mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Mimi nilipoifikia, Madd Dogg hakunisubiri. Kabla sijalifikia gari alikuwa ameshajirusha, na kazi ikaharibika. Nikajaribu tena. Akaruka. Nikajaribu mara ishirini hivi, na mara zote ishirini jamaa aliruka kama aliyechelewa matatu. Bila kumwokoa huyu, hadithi haisongi, na CJ harudi Los Santos milele. Kulikoni?

Ili kujibu ni lazima nieleze kwanza kitu kimoja. Babu zetu walipocheza bao, kete zote zilikuwa mbele ya macho. Bao la Kiswahili lina kete 64, na mwenye subira anaweza kuzihesabu zote. San Andreas ni bao ambalo kete nyingi ziko chini ya meza. Wewe unaona mtu anakimbia, gari linapinduka na jua linatua. Mashine haioni mtu wala jua. Inaona namba, na kila tendo lako linaongeza namba fulani au kuipunguza.

Chukua mwili wa CJ. Ana daftari lake la unene, misuli, pumzi na stadi, na ukishika kitufe cha L1 unaweza kuchungulia baadhi ya kurasa. Akila sana ananenepa na kukimbia kwa taabu, na akibugia chakula mfululizo anatapika. Asipokula kwa muda mrefu, mafuta yanapungua, yakiisha misuli inaanza kuliwa. Akienda kunyanyua vyuma hawezi kujenga mwili wote siku moja, ataambiwa arudi kesho. Kesho yenyewe haiko mbali, kwa maana dakika moja ya mchezo ni sekunde moja yetu, kwa hiyo siku nzima ya CJ huisha kwa dakika 24. Akiendesha baiskeli sana, stadi yake hupanda na ataweza kuruka nayo juu zaidi. Binamu yangu aliyenifunza mchezo huu alikuwa akimzamisha CJ baharini kila jioni, akiibuka na kuzama tena. Nilidhani ni wazimu. Baadaye nikafika San Fierro kwenye kazi ya kuogelea hadi kwenye meli, nikaambiwa mapafu ya CJ hayatoshi, niende nikayazoeze. Hiyo si kasoro, ni hesabu iliyofichwa vizuri. Mapigano na bunduki nimeyaruka makusudi, ukurasa huu ungekatwa.

Kuna mambo mengine yanayofanana na uchawi. Ukienda usiku kwenye msitu uitwao Back o' Beyond unaweza kukuta gari bovu likiteremka mlimani bila dereva. Kibandani nilikocheza kwanza tuliapa kwamba ni la marehemu. Ukweli ni kwamba waundaji waliliegesha gari hilo kuukuu kwenye mteremko. Ukiwa mbali, mashine hailishughulikii kabisa, ni kana kwamba halipo. Ukikaribia, inaliamsha na kulikabidhi kwa sheria za uzito na mwendo, na gari lililo mteremkoni bila breki litafanya nini ila kuteremka? Wewe mwenyewe ndiye uliyelisukuma kwa kuja. Ama yule dubwana wa Mlima Chiliad ambaye kila mtaa una mtu aliyemwona, mimi nimemtafuta likizo nzima ya Agosti. Hayumo. Waundaji wenyewe walikana, na waliochimbua faili za mchezo hawakumpata.

Kwa nini mashine haishughulikii vitu vya mbali? Kwa sababu haina nafasi. Kumbukumbu kuu ya PlayStation 2 ni megabaiti 32 tu, na picha kumi hivi za simu ya siku hizi zinaweza kuijaza. Jimbo lenye miji mitatu, mashamba, jangwa na mlima halienei humo. Basi mashine husoma kutoka kwenye diski kipande cha nchi kilicho karibu nawe na kutupa ulichokwisha kupita, kama mtu anayevuka tope kwa mbao mbili, anatoa ya nyuma na kuiweka mbele. Diski ikiwa na mikwaruzo, ubao wa mbele unachelewa, ndipo unajikuta ukiendesha kwenye barabara isiyo na sura huku nyumba zikichomoza ghafla kama uyoga.

Ili usiione mbinu hiyo, waundaji walitandaza ukungu. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Ukisimama Juja asubuhi ya vumbi, Kilimambogo huonekana kama kivuli kilicho safari ya siku nzima. Mvua ikinyesha na hewa ikasafika, mlima unasogea, unadhani utaufikia kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Ukungu wa San Andreas unafanya hivyohivyo. Kwa kuwa huoni mwisho, unaamini nchi ni kubwa. Mnamo Novemba 2021 lilitolewa toleo jipya lililofanyiwa ukarabati, ambalo hapo mwanzo liliuondoa ukungu ule kwa kuwa mashine za sasa haziuhitaji. Watu wakapaa na ndege, wakatazama chini, wakaona Los Santos, San Fierro na mlima vyote kwa pamoja kama vyombo juu ya meza moja. Malalamiko yakawa mengi. Nchi ile ile, haikupunguzwa hata hatua moja, lakini iliposafishwa ikawa ndogo.

Kwenye kompyuta kuna kituko kingine. Mchezo ulipoletwa huko mwaka 2005, uliwekewa kidhibiti cha fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazopita haraka hadi jicho liamini ni mwendo. Mvulana mwenye kompyuta kali hukizima ili picha ziteleze vizuri zaidi. Anapata anachotaka, halafu anashangaa kwa nini CJ anaogelea kama amefungwa mawe miguuni. Sababu ni kwamba baadhi ya hesabu za mwendo zilifungamanishwa na idadi ya fremu. Ukibadilisha mpigo wa ngoma, mchezaji anakosea hatua.

Na sasa tufike kwenye maneno ya siri, ambayo wengine huyaita chiti. Sidhani kuna daftari la mvulana wa Githurai lisilo na neno HESOYAM kwenye jalada la nyuma. Ukiliandika kwenye kompyuta wakati mchezo unaendelea, CJ anapona, anapata kinga ya mwili na dola 250,000. Tulibishana sana juu ya maana yake. Mmoja alisema ni Kirusi. Mwingine alisema ni jina la shetani, na ndiyo maana hela zinakuja haraka. Sikiliza sasa, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tuseme wewe ni bawabu, na umeambiwa umfungulie mlango anayetaja neno KIUU. Lakini bosi wako hataki neno hilo liandikwe popote lisije likaibwa. Anakupa namba tu. A ni 1, B ni 2, hadi Z ambayo ni 26. K ni 11, I ni 9, U ni 21, na U tena 21. Jumla 62. Wewe unajua 62, basi. Akija mtu akataja neno, unapiga hesabu, ikitoka 62 unafungua. Anakuja mama wa sokoni, anasema NDIZI. Piga hesabu: 14, 4, 9, 26, 9. Ni 62! Unamfungulia. Hajui neno la siri, hajadanganya, wala hujakosea kazi.

Mchezo unafanya vivyo hivyo, ila kanuni yake ni ngumu kuliko kujumlisha na inajali mpangilio wa herufi. Ndani ya faili hakuna neno lolote la siri, kuna namba tu. Kila unapobonyeza herufi, mashine inazipigia hesabu herufi zako za mwisho na kulinganisha. Namba zinazoweza kutoka ni 4,294,967,296. Zinaonekana nyingi mno, lakini hesabu ya kidato cha kwanza inatosha kuonyesha kasoro. Herufi saba zinaweza kupangwa kwa njia 26 × 26 × 26 × 26 × 26 × 26 × 26, ambayo ni 8,031,810,176. Maneno ni karibu mara mbili ya namba! Lazima mengi yagongane. Ukiongeza herufi ya nane, kila namba inapata kwa wastani karibu maneno 49 yanayoifikia.

Kwa hiyo HESOYAM halina maana katika lugha yoyote. Hiyo ni NDIZI yetu. KIUU yenyewe ni INEEDSOMEHELP, maneno ya Kiingereza ya kuomba msaada yaliyoshikanishwa, na ukiyaandika yanafanya kazi ileile. Vilevile YECGAA, linaloleta mashine ya kuruka ya mgongoni, lina pacha wake ROCKETMAN. Watu waliacha kompyuta zijaribu mamilioni ya mipangilio ya herufi hadi namba zikajibu. Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili mnisikilize kwa makini. Kwa kuwa mashine haijui lugha, hakuna sababu sentensi fulani ya Kiswahili, yenye herufi kumi na mbili hivi, isifungue mlango mmojawapo. Nimejaribu methali kumi na tisa. Bado.

Turudi kwa Madd Dogg. Miongoni mwa maneno ya siri, na kwenye PlayStation miongoni mwa mipangilio ya vitufe, yamo yanayobadilisha tabia ya wapita njia: wapigane wao kwa wao, wafanye ghasia mji mzima, au wamshambulie CJ. Ni burudani kubwa kwa dakika kumi. Kasoro ni mbili. Kwanza, ghasia hizo zikishaanza haziwezi kuzimwa, na ukihifadhi mchezo, au ukisevu kama tunavyosema, zinahifadhiwa pamoja nao. Pili, mashine haitofautishi mhusika na mpita njia kama sisi tunavyotofautisha. Madd Dogg kwetu ni mtu mwenye jina na hadithi. Kwenye hesabu ya mashine ni mpita njia mmoja zaidi, aliyesimama pahali pa juu. Amri ikisema wapita njia wote washikwe na ghadhabu watoke walipo, naye anatii. Anatoka alipo. Alipo ni ukingoni mwa paa.

Haijaandikwa popote kwamba Madd Dogg aruke mapema. Hakuna aliyepanga hivyo. Mtu mmoja aliandika sheria ya wapita njia, mwingine akaandika kazi ya paa, na kila moja peke yake ni sawa kabisa.

Na jambo likishafichwa mchezoni bila kufutwa, siku moja litajitokeza. Waundaji waliwahi kuacha ndani ya diski sehemu moja ya aibu ambayo waliifunga tu badala ya kuiondoa. Watu wakaifungua, na Julai 2005 mchezo ukabandikwa alama ya watu wazima pekee huko Marekani na maduka mengi yakauondoa. Ya kwangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini kwangu haikuwa ndogo.

Sababu ni kwamba ule mchezo haukuwa wangu. Binamu alipokwenda Qatar kufanya kazi aliniachia mashine yake na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Akaniambia, "Nafasi ya kwanza ni yangu. Wewe tumia ya pili. CJ wangu nitammalizia mwenyewe nikirudi." Alikuwa amefika Las Venturas. Siku moja ya mvua niliufungua wa kwake kwa udadisi, nikabonyeza ghasia, nikacheka sana, nikahifadhi. Kabla ya kuhifadhi kulitokea onyo kwenye runinga kwamba mbinu zimetumika na si vizuri kuhifadhi. Nililiona. Nilibonyeza X haraka kama ninavyobonyeza kila kitu. Kosa hilo simpi mtu mwingine.

Akipiga simu Jumapili, baada ya kuzungumza na mama, huuliza, "Na CJ wangu yuko aje?" Nami hujibu yuko poa, Kaka, anakungoja.

Hakuna dawa ya kadi iliyoharibika namna hiyo. Ghasia zimo ndani ya kumbukumbu yenyewe, kwa hiyo kuzima mashine na kuiwasha hakusaidii. Dawa ni kurudi kwenye mchezo uliohifadhiwa kabla ya ghasia, kama unao. Nami sikuwa nao. Kwa hiyo nilianza upya tangu mazishi ya mama yake, bila neno la siri hata moja. Nililifuata treni na Big Smoke nyuma yangu mara saba hadi nikagundua kwamba nikibanana na behewa Smoke hana pembe ya kulenga, inafaa nikae kulia na mbali kidogo. Yeye hulaumu tu kana kwamba kosa ni la dereva. Nilimzamisha CJ baharini jioni baada ya jioni. Nilikusanya dola 80,000 za kununua uwanja wa ndege jangwani, nikafeli shule ya urubani kwa wiki mbili. Shule hiyo ni ya lazima, na ukiniuliza mimi ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, kwa sababu ndege hugeuka kama ng'ombe aliyegoma. Kote huko nilihifadhi kwenye nafasi ya pili.

Wiki iliyopita nilifika Las Venturas. Nilipanda hadi pale anaposimama umati, na Madd Dogg alikuwa juu ya paa lake, akiyumbayumba. Sikukimbia. Nilitembea hadi kwenye gari la maboksi, nikaliwasha, nikalirudisha nyuma polepole. Alikuwa bado yuko juu akipiga kelele. Nikaliegesha chini yake, nikazima. Akaruka.

Baada ya kumfikisha hospitali nilihifadhi mchezo. Halafu nikarudi kwenye ule niliouhifadhi muda mfupi kabla ya kazi hiyo, pale ambapo yeye aliuacha, nikaunakili kwenye nafasi ya kwanza. Binamu anafika Desemba. Sijaamua kama nitamwambia.